Kitufe cha Kutabasamu

Hakuna zimwi katika mchezo wetu.
Thisara alichora moja wiki ya kwanza,
pembe mbili, macho kama makaa,
tukalifuta. Zimwi unaliona likija.
Sisi tulitaka kitu kinachoingia bila hodi
na kuondoka kikikushukuru.

Tuko chini ya jengo la uhandisi, Duluth, Februari.
Ziwa limeganda hadi linaguna usiku,
na bomba la joto linagonga ukutani
kana kwamba linatudai.

Ngazi ya kwanza ni jikoni, bwenini.
Unapasha chakula alichokufundisha mama kwa simu.
Anaingia mtu. Hasemi neno.
Anafungua dirisha,
na nje ni nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Una vitufe viwili tu:
funika mkebe,
tabasamu.

Ngazi ya pili anakuuliza unatoka wapi.
Mtaa wa Saba, unajibu, karibu na duka la baiskeli.
Hapana, wapi hasa?
Huyu tumemvika sweta nzuri. Tumempa mbwa.
Anahí aliushikilia huo mbwa kufa na kupona:
asiyekuwa na mbwa, alisema, watamchukia upesi,
wakishamchukia watasema si mimi.

Ngazi ya tatu, kazi ya vikundi:
viti vimekwisha kugeuzwa kabla hujainua macho,
na mhadhiri anakutafutia pa kukuweka
kama salio lililokataa kuingia kwenye hesabu.

Tulibishana siku tatu juu ya kipimo.
Thisara alitaka mstari mwekundu unaopungua.
Nikakataa. Nani aliwahi kuuona mstari wake?
Haba na haba, sawa, lakini kibaba chenyewe
hukioni mpaka siku unapolia
kwa sababu mashine ya kahawa imemeza sarafu yako.

Basi nikaandika hivi:
mwanzoni unaingiza jina lako, zima, kwa mkono wako,
na programu inalila taratibu.
Nililijaribu kwa langu.
Oyunbileg.
Oyunbil.
Oyun.
Oy.
Mwisho ikabaki O,
mdomo uliofunguka na hakuna aliyeusikia.
Nikazima taa za maabara, nikakaa.
Bibi yangu alilichagua jina hilo
kwa kuhesabu nyota, hakuharakishwa na mtu.

Na kile kitufe cha kutabasamu,
kila ukikibonyeza kinachelewa kidogo kurudi juu.
Kidogo sana. Vidole ndivyo vinavyojua kwanza.

Jana alikuja Cody Halvorsen kutujaribia.
Kijana mpole, kila Agosti huenda uwanja wa ndege
na bango la kuwakaribisha wageni,
anawabebea masanduku mpaka ghorofa ya nne.
Alicheza dakika arobaini bila kunywa maji.
Kisha akageuka:
Kitufe cha kusema sikukusudia kiko wapi?
Anahí akamjibu, polepole:
Huyo siye wewe leo.
Leo wewe ndiye unayeambiwa.

Akavua vipokea sauti, akavitazama
kama vitu alivyookota njiani.
Akavaa koti. Mlangoni akasema, na alimaanisha,
ninaapa alimaanisha:
Hongereni. Na Kiingereza chenu, kizuri ajabu.

Bomba likagonga mara mbili.
Nikahisi shavu langu limekwisha kupanda, lenyewe,
na likachelewa kushuka.

Thisara akafungua daftari la hitilafu.
*Arobaini na moja*, akaandika:
*mchezo unaendelea baada ya kuzimwa.*
Tukacheka, mpaka Anahí akainua kidole tunyamaze.

Nyayo za Cody zilikuwa zimesimama kwenye ngazi.
Hatukujua anarudi
au anafunga zipu tu.